Waya mpya za spika: lazima zipigishwe saa 200 kwanza?

Mkaazi_Malindi
Assalaam alaykum. Amplifaya yangu ni ya wati 50 kila upande, spika mbili za omu 8. Nimetia waya mpya za milimita 2.5 za mraba, mita 10 kila upande. Muuzaji anasema zipigishwe muziki saa 200 mfululizo ndipo shaba ifunguke. Sasa hivi besi imepungua kuliko ilivyokuwa na waya za zamani. Nisubiri?

Fundi_Michenzani
Waalaykum salaam. Usisubiri, utamaliza umeme bure. Shaba haina cha kufunguka: pima ukinzani leo na baada ya hizo saa 200, joto likiwa lile lile, mita itakusomea namba ile ile. Kinacholainika ni spika mpya, yaani kitambaa kinachoshika koni kwa nyuma na ukingo wake. Zako si mpya.

Besi ikipotea baada ya kubadilisha waya, shuku kwanza chanya na hasi zimegeuka upande mmoja. Koni moja inatoka, nyengine inaingia, besi zinafutana. Zima amplifaya, chomoa waya zote nyuma yake, vua kitambaa cha mbele cha spika. Chanya ya betri ya volti 1.5 igusishe kwenye waya unaokwenda tundu jekundu la amplifaya, hasi kwenye mwenzake, kidogo tu. Koni zote mbili ziende upande mmoja, kwa kawaida nje.

Mtu_wa_Chake
Na hesabu yake: mita 10 ni mita 20 za shaba, kwenda na kurudi, kama omu 0.14. Kwa spika ya omu 8 si neno. Shika usipite 0.4. Waya mwembamba wa 0.5 ungefika karibu 0.7.

Ila hakikisha ni shaba kweli. Waya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyovikwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani basi 2.5 yako inafanya kazi ya shaba ya 1.5 hivi. Na kwa hewa yetu ya chumvi, alumini na shaba zikikutana ncha huliwa upesi.

Mkaazi_Malindi
Shukran. Betri haitaunguza spika?

Fundi_Michenzani
Ya volti 1.5 haiunguzi, ya 9 usithubutu. Tazama koni kubwa tu. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ina kapasita mbele yake inayozuia umeme wa betri, haitaonyesha kitu.

Ukirudisha, ncha zilizogeuka kijani zikate, menya upya kama sentimita moja, suka nyuzi zikaze. Usipake risasi ya kulehemu ncha itakayobanwa na skrubu, kwani risasi husinyaa taratibu chini ya mbano na waya ukalegea. Tumia plagi za kubana. Khasa angalia usibaki uzi mmoja umechomoza ukagusa tundu la jirani. Hapo ukiwasha ni shoti, na transista za kutolea sauti ndizo zinazokwenda.