Naomba ushauri: wigo wa haibiskasi umebaki vijiti vitupu chini

Ndugu zangu mnaopenda bustani, naomba ushauri wenu kuhusu wigo wa haibiskasi nyekundu nilioupanda kwa vipande vya matawi kuzunguka nyumba yetu huku Buswelu, Mwanza. Miche ilishika vizuri na sasa imenipita kiuno, lakini imekimbilia juu tu. Sehemu ya chini ni vijiti vitupu, na kuku wa jirani wanapita watakavyo. Udongo wetu ni wa kichanga na maji hayakai, hivyo wakati wa kiangazi majani ya chini hugeuka manjano na kupukutika hata nikimwagilia kila jioni.

Ninafahamu kwamba haibiskasi huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila unapoikata unaahirisha maua, nami maua hayo nayathamini sana, ingawa kwa kawaida kila moja hudumu siku moja tu. Je, niikate yote hadi usawa wa goti mvua za vuli zinapoanza, au nipunguze theluthi moja kwanza? Kwenye ncha changa pia kuna vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka hapo siku nzima. Maji ya sabuni yanatosha?

Wapo wanaonishauri niing'oe nipande olianda. Hilo sikubali, kwani mmea huo una sumu kuanzia jani hadi ua, nami nina watoto wadogo. Aliyewahi kufufua wigo wa namna hii kwenye kichanga tafadhali anielekeze, hasa kuhusu kiasi cha samadi kwa kila shina.