Naomba ushauri: mpwa wangu anataka ushahidi wa Mungu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mpwa wangu, kidato cha nne hapa Langoni, Lamu, kaacha kuswali msikiti wa Riyadha. Juzi barazani kaniuliza, "Mjomba, ushahidi uko wapi?" Nikampa hoja ya Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111: kila chenye mwanzo kina sababu, na ulimwengu una mwanzo. Akanijibu kwamba hata hoja ikisimama, haionyeshi kuwa hiyo sababu husikia dua. Jibu zito, na silidharau.

Shemeji, babake, anataka kumfukuza nyumbani. Mimi sioni faida ya kumlazimisha mtoto kusujudu. Anayeuliza hivi bado anatafuta. Nimwambie imani haingoji ushahidi, au nimtafutie sheikh mwenye subira ya mjadala? Mliolea vijana kama huyu, nisaidieni. Na babake nimtulize vipi?