Tupeane uzoefu: kamera za wageni ndani ya Soko Kuu la Arusha

Mwana_Ngarenaro: Wanajamvi, habari zenu. Jana ndani ya Soko Kuu nilimsikia mama akimkemea mgeni aliyempiga picha bila ruhusa, nikakumbuka siku yangu ya mwaka 2012, nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kuongoza wageni. Nilikuwa nikiwaonyesha wawili mchele wa Magugu, vitunguu vya Mang'ola na magadi ya Ziwa Natron, na kabla sijamaliza kueleza jinsi magadi yanavyolainisha maharage, mmoja wao aliinua kamera akampiga picha mama wa dagaa aliyekuwa amesinzia juu ya gunia. Jirani yake alipiga kelele. Yule mama alizinduka akidhani ameibiwa, akawa anapapasa pindo la kanga alimofunga fedha zake, huku wapagazi na wauzaji wakituzunguka pande zote. Aliponitazama akanitambua, kwa kuwa tulikaa mtaa mmoja, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umewaleta watu waje kunitazama nimelala?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, mgeni akaifuta picha mbele yake, tukanunua kisado cha dagaa, naye akakataa kupokea hata shilingi moja ya ziada.

Binti_Sakina: Pole, kaka. Swali hilo lingenitoa machozi.

Mzee_wa_Tengeru: Mgeni anunue kwanza, ndipo aombe picha. Huku kwetu Tengeru, Jumatano na Jumamosi soko linapojaa, utaratibu huo hunisaidia.

Mama_Mshare: Shikamoo mzee, lakini sikubaliani nawe. Ninauza ndizi za mshare, sura siiuzi. Kamera zibaki garini.

Kijana_Sekei: Mama, mbona nanyi mkituona na mgeni mnataja bei maradufu, hata ya parachichi?

Mama_Mshare: Bei hiyo inapandishwa na waongozaji wanaorudi jioni kudai chao. Waulize wenzako.

Kijana_Sekei: Mimi sijawahi kudai, na si haki kutuweka sote kapu moja.

Mzee_wa_Tengeru: Marahaba, binti yangu. Suala la bei tuliache, tumsikilize mwenye kisa.

Binti_Sakina: Kaka, yule mama ulimwona tena?

Mwana_Ngarenaro: Ndiyo. Dagaa wa nyumbani kwangu ninanunua kwake hadi leo, na nikiwa na wageni huwaacha mlangoni kwanza, nikaingia peke yangu kumwamkia na kumwuliza kama yuko tayari kuwapokea. Wiki iliyopita alisema amechoka, basi tukapitia upande wa viungo.