Kuzalisha mbwa wenye nasaba hapa Dodoma na kuwapeleka kwenye maonyesho: waliotangulia wanasemaje?

Mkazi wa Ihumwa

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaishi Ihumwa na nina mbwa wawili wa aina ya German Shepherd, dume na jike, niliowanunua kwa mfugaji wa Arusha wakiwa na hati zinazoonyesha vizazi vitatu vya nasaba yao. Tangu Serikali ihamie huku, watu wanaojenga nyumba mpya wananiuliza kila mara kama nitauza watoto, kwa hiyo wateja si tatizo. Ninachotaka mimi ni kuifanya kazi hii kwa maisha yangu yote, mtu akiona mbwa getini kwa jirani aweze kusema ametoka kwenye banda la fulani, na siku moja mbwa wangu wasimame mbele ya majaji. Nina maswali mawili. Hati zinaonyesha kwamba babu mzaa baba wa dume ndiye huyo huyo babu mzaa mama wa jike, je, niwapandishe? Na maonyesho yana faida gani hasa kwa mtu wa Dodoma?

Bibi wa Kikuyu

Karibu, mwanangu. Nimezalisha mbwa tangu ujana wangu, lakini somo la kwanza nililipata kwa ng'ombe. Baba yangu alikuwa mtumishi katika kituo cha utafiti wa mifugo Mpwapwa, walikotengenezwa wale ng'ombe wanaoitwa kwa jina la mahali pale, kwa kuchanganya zebu wa hapa nchini, Sahiwal na Red Sindhi, ambao asili yao ni India na Pakistani, pamoja na damu kidogo ya ng'ombe wa Ulaya. Pale niliona daftari likiheshimiwa kuliko fahali mwenyewe.

Kuhusu mbwa wako: ikiwa wanachangia babu huyo mmoja tu, kiwango cha undugu wa damu kwa watoto wao, yaani uwezekano wa mtoto kurithi kinasaba kile kile kupitia baba na mama, kitakuwa asilimia 3.125, nacho si cha kutisha. Mabinamu wakipandishwa ni 6.25, ndugu wa baba mmoja na mama tofauti ni 12.5, na baba kwa binti yake au kaka kwa dada ni 25. Uzao wa namna hiyo ya mwisho The Kennel Club, chama cha Uingereza kinachotunza daftari la mbwa wenye nasaba, iliacha kuuandikisha mwaka 2009. Tatizo ni kwamba vizazi vitatu vinaficha mengi. German Shepherd ni aina iliyojengwa juu ya mbwa wachache. Wa kwanza katika kitabu chao cha nasaba ni Horand von Grafrath, ambaye Max von Stephanitz, Mjerumani aliyeanzisha aina hii, alimnunua mwaka 1899, na wafugaji wa mwanzo walirudia damu yake mara nyingi. Mwombe aliyekuuzia hati ya vizazi vitano, kisha uhesabu upya. Akikwepa kwepa, hilo nalo ni jibu.

Faida ya maonyesho ni kwamba yanakuondolea macho ya mzazi. Jaji hamlinganishi mbwa wako na mbwa wa jirani kwanza, bali na maelezo yaliyoandikwa ya aina yake: dume awe na urefu wa sentimita 60 hadi 65 begani, jike 55 hadi 60, mdomo hufunguliwa ili meno yote 42 yaonekane na namna yanavyokutana, korodani za dume hukaguliwa kama zimeshuka zote mbili, kisha mbwa hukimbizwa ili mwendo utazamwe. Jaji mmoja Nairobi alimshika mbwa wangu ambaye mimi nilimwona hana kasoro, akapitisha vidole kutoka begani hadi kwenye kiwiko, akasema mfupa wa juu wa mguu wa mbele ni mfupi. Nilirudi nyumbani nikawapapasa ndugu zake wote wa uzao ule mmoja mmoja, na kweli ulikuwa mfupi kwa karibu wote. Dume aliyewazaa hakupandishwa tena bandani kwangu, ingawa watu walikuja na fedha mkononi.

Ila maonyesho ni siku moja. Kazi yenyewe iko bandani. Mimba huchukua takriban siku 63, nami kuanzia siku ya 58 humpima jike joto asubuhi na jioni, kwa sababu likishuka kutoka nyuzi 38 na kitu hadi 37 au chini yake, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Watoto nawafunga uzi wa sufi wa rangi tofauti shingoni, usiobana, na kila siku nawapima kwenye mizani ya jikoni. Mtoto mzima huongeza uzito mara mbili katika siku saba hadi kumi za mwanzo. Wiki mbili za kwanza hawawezi kujipasha joto wenyewe, na upepo wa Dodoma wa Juni na Julai unaujua. Mimi sipandishi kwa hesabu ya kuzalia miezi hiyo.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Naongeza upande wa afya. Kabla ya kuwapandisha, wapigwe eksirei ya nyonga wakiwa wametimiza angalau mwaka mmoja, kwa sababu aina hii ina tatizo la kurithi la nyonga kutokaa vizuri kwenye kikombe chake. Utaratibu wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hupanga nyonga kuanzia A, iliyo nzuri, hadi E, iliyo mbaya kabisa. Wazazi wazuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye nyonga mbaya, kwa kuwa tatizo hili linabebwa na vinasaba vingi na pia huchochewa na kunenepeshwa haraka utotoni, hivyo waulizie pia ndugu zao. Jike apimwe damu kwa homa ya kupe. Watoto waanze chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, wakiwa na wiki sita hadi nane, irudiwe hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa wapewe wakifikisha miezi mitatu.

Mchungaji wa Chamwino

Nawasikiliza kwa heshima zote, lakini naomba kuuliza. Mbwa wetu wa kienyeji wanalinda mifugo usiku kucha, wanakula ugali na mabaki, na kupe hawawasumbui kama hao wa kizungu. Kwa nini tupime mbwa kwa sentimita zilizoandikwa Ujerumani?

Bibi wa Kikuyu

Swali lako ni la haki, mwanangu, na mbwa wa kuchungia wa Ugogo nawaheshimu. Lakini kuandika sifa za mbwa si jambo la Ulaya peke yake. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo wakaandika sifa za Rhodesian Ridgeback, mbwa ambaye ule mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni aliurithi kutoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika. Kazi ya kuwinda na kulinda ilikuwepo kwanza, maandishi yakafuata. Sifichi pia ubaya uliozaliwa hapo: kwa miaka mingi watoto waliozaliwa bila mstari waliuawa hata wakiwa wazima, ilhali mstari wenyewe unahusiana na ugonjwa wa tundu la ngozi linaloingia ndani kuelekea uti wa mgongo. Ukiamua kuandika sifa za mbwa wa Chamwino, anza na kazi yao na afya yao. Rangi iwe ya mwisho.

Mkazi wa Ihumwa

Shikamoo, mama. Hati ndefu nitaiomba wiki hii. Je, kwa Nairobi nijiandae vipi?

Bibi wa Kikuyu

Marahaba. Maonyesho ya East Africa Kennel Club usiyaendee na mbwa mara ya kwanza. Nenda peke yako, ukae karibu na uwanja wanapoitwa German Shepherd, utazame mikono ya jaji inaanzia wapi na inarudi wapi. Utakapompeleka mbwa, pitia Kondoa, Babati na Arusha ukitembea alfajiri kabla ya jua kali, na vibali vya kuvuka Namanga pamoja na cheti cha afya na cha chanjo ya kichaa uvishughulikie mapema kwa daktari wa mifugo. Jike akiwa kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, mwache nyumbani. Na picha za nyonga zikitoka, ziweke hapa tuzione kabla hujampandisha.