Nimewapa watoto wa nguruwe vimeng'enya siku sita, bado wanaharisha. Nakosea wapi?

Zizi_la_Chini
Wakuu, naombeni msaada. Nina watoto wa nguruwe 11, nimewaachisha kunyonya wakiwa na siku 28. Siku ya nne wakaanza kuharisha, kinyesi kama uji wa kijivu, na ukikichokonoa kwa kijiti unaona chenga za mahindi zimetoka vilevile zilivyoingia. Aliyeniuzia chakula akanipa unga wa vimeng'enya, eti utawasaidia kumeng'enya. Napika uji wa mahindi na pumba za ngano, ukichemka namwaga ule unga na kukoroga ili usambae. Nikishaepua, uji ukapoa, ndipo natia soya ya kusaga isije ikapoteza virutubisho. Siku ya sita leo, hakuna mabadiliko. Nimepigwa?

Babu_Pumba
Ukichemka?? Hujapigwa mkuu, umevipika. Kimeng'enya ni protini, kama ute wa yai: ukishaganda, umeganda. Hata viwandani, joto la kutengeneza chakula cha vidonge hufika nyuzi 80 au zaidi, ndiyo maana vingine huvikwa ganda la kuvikinga au hunyunyizwa vidonge vikishapoa. Subiri uji upoe hadi mkono uvumilie.

Kongosho
Babu kasema kweli, ila tusome pakiti kwanza. Imeandikwa vimeng'enya gani? Kila kimoja kina kufuli lake.

Mtoto anayenyonya ana laktesi tele ya kumeng'enya sukari ya maziwa. Amilesi ya kuvunja wanga huanza kidogo na kupanda kadiri anavyokua. Ukimwachisha ghafla, hali siku moja mbili, kongosho linapunguza uzalishaji wa vimeng'enya, na vile vijidole vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza chakula vinafupika. Chakula kisichomeng'enywa kinateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanakichachusha, maji yanafuata. Huo ndio uji wako wa kijivu.

Vya dukani vingi havizibi pengo hilo moja kwa moja. Zailanesi inakata nyuzi za pumba za ngano, ambazo nguruwe mwenyewe hana cha kuzikatia, na kuachia wanga na protini vilivyofungiwa humo. Faitesi inafungua fosforasi: karibu theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na mbegu za mafuta imefungwa kwenye faiteti, yaani umbo ambalo mbegu huhifadhia fosforasi yake. Hii hufanya kazi zaidi tumboni, penye asidi, kwa hiyo usizidishe chokaa kwenye mchanganyiko, itaipunguzia nguvu.

Mama_Kumi_na_Wawili
Mimi nimekwama kwenye soya. Ndugu yangu, ni mbichi?

Zizi_la_Chini
Mbichi dada. Nimesaga tu. Pakiti imeandikwa zailanesi na faitesi.

Mama_Kumi_na_Wawili
Basi umepika kisichopikwa, ukaacha mbichi cha kupikwa! Soya mbichi ina kizuizi kinachoifunga tripsini, kimeng'enya cha mnyama mwenyewe cha kuvunja protini. Huyo mtoto tripsini yake bado ni haba, nawe unamfunga hata hiyo. Zailanesi na faitesi haziondoi kizuizi hicho. Moto ndio unaokiondoa. Kaanga soya hadi iive mpaka ndani, ndipo usage. Wakati huu wa kuharisha ningepunguza hata kiasi chake, protini iliyozidi ni karamu ya bakteria.

Na nina neno kwa wote hapo juu: vimeng'enya si dawa. Kuharisha wiki ya kwanza baada ya kuachishwa mara nyingi kuna bakteria wa E. coli ndani yake. Macho yakibonyea, au ukiona damu, ita daktari wa mifugo. Maji safi na chumvi ya kurudisha maji mwilini vianze leo.

Babu_Pumba
Na mahindi yasage laini zaidi. Chenga unazoziona ni kazi ya kinu, usimlaumu kongosho. Vimeng'enya ni gramu chache kwa gunia, vichanganye kwanza na bakuli moja la unga mkavu, kisha ndoo, kisha vyote. Ukivimwaga pamoja, mmoja atavila vyote, kumi watakosa.

Zizi_la_Chini
Mrejesho, siku ya tisa tangu nibadili. Soya nakaanga, unga natia uji ukiwa vuguvugu, nawapa kidogo mara tano kwa siku. Tisa kinyesi kimeshikana. Wawili bado mikia imelowa, daktari kawachoma sindano jana na kasema atarudi kesho. Ile pakiti naihifadhi wapi? Ilikuwa juu ya jiko.

Babu_Pumba
Juu ya jiko tena! Nunua nyingine, mkuu.