Mbwa kajaa kupe, hali chakula, na fizi zimekuwa nyeupe. Nianzie wapi?

mkaaji_kimara
Wakuu habari za leo, naombeni msaada. Nina mbwa dume, mchanganyiko wa shepadi na hawa wetu wa kienyeji, mlinzi mzuri tu. Tangu mvua zianze kupe wamemjaa hadi ndani ya masikio na katikati ya vidole, tukiwatoa leo kesho wapo wengine. Sasa juzi kaanza kukataa chakula, ugali na dagaa ambao huwa hasubiri hata upoe, analala tu kwenye saruji, macho yamelegea, mwili unachemka, na jana jioni katokwa na damu pua moja. Nimemfungua mdomo fizi zimefifia kabisa, karibu nyeupe. Jirani anasema nimpake oili chafu, kijana wa duka la dawa za mifugo anasema nimchome ivamektini ya ng'ombe, mama watoto anataka nimpe Panadol. Na ndani kuna paka analala naye kibarazani. Nishike lipi?

Babu_Kijiweni
Paka oili chafu. Mbwa wangu wote nimewapaka tangu enzi hizo na hawajafa. Nyie wa mjini mnapenda gharama.

bwana_mifugo
Babu shikamoo, ila kwa hili hapana. Mbwa anajilamba, oili yote inaishia tumboni, na ngozi inaungua.

Mkuu wa Kimara, hapo shida si kupe tena, ni alichoachiwa na kupe. Homa, kususa chakula, fizi nyeupe, damu puani, mimi nikisikia hivyo nawaza Ehrlichia kwanza, vijidudu vya damu vinavyoletwa na kupe, ukoo mmoja na vya ndigana baridi ya ng'ombe. Inashusha zile chembe sahani za kugandisha damu ndo maana damu inatoka yenyewe bila kuumia popote. Mgeuze tumbo, ukiona vidoti vyekundu ambavyo ukibonyeza havipotei ni hayo hayo. Angalia na mkojo, ukiwa kahawia kama chai ya rangi huenda ni Babesia, nayo inaletwa na kupe lakini dawa yake ni nyingine, na mbwa anaweza kuwa nazo zote mbili kwa mpigo. Kwa hiyo usikubali kuuziwa dawa na mtu anayemwangalia mbwa usoni tu, achukuliwe damu, na iwe leo maana fizi zikifika hapo anaweza hata kuhitaji kuongezewa damu.

Ikiwa ni Ehrlichia watampa doksi, yaani vidonge vya antibayotiki ya doxycycline, kwa kawaida wiki 4. Hapo ndo wengi wanapoharibu, mbwa akishaanza kubweka na kudai chakula mtu anasimamisha vidonge, kumbe vijidudu vimejificha kwenye wengu na uboho, vikirudi miezi au miaka baadaye uboho umeshachoka hautengenezi damu. Mpe vidonge pamoja na chakula, tumbo likiwa tupu anaweza kutapika, ila usichanganye na maziwa.

Ivamektini achana nayo. Kupe haiwamalizi, kipimo cha ng'ombe ni rahisi kuzidisha kwa mbwa, na wenye damu ya shepadi baadhi yao ubongo wao haujikingi na hiyo dawa, anayumba, anatetemeka, wengine wanapofuka. Panadol, Brufen, aspirini, zote usimpe. Mbwa anayetoka damu ukimpa Brufen umemfungulia bomba.

mama_nyau
Naongezea la paka maana watu huwa wanamsahau. Panadol ni sumu kwake, ini la paka haliwezi kuivunja, nusu kidonge tu inaweza kumuua. Halafu dawa za kupe za mbwa zenye permethrini, iwe ya unga au ya kudondoshea mgongoni, paka akimlalia mbwa aliyepakwa muda huo anaanza kutetemeka mpaka degedege. Hata amitrazi ya kuogeshea usimguse nayo. Kibandiko kikiwa na picha ya mbwa peke yake basi ni ya mbwa peke yake, ukimpaka watenganishe mpaka akauke. Mie mbwa wangu nampa Bravecto, dawa ya kupe ya kutafuna, inakaa kama miezi mitatu, bei imechangamka kidogo lakini nalala usingizi.

fundi_paa
Mmesahau nyumba. Hawa kupe wa mbwa hawaishi porini, wanaishi kwako. Jike akishashiba anashuka, anapanda ukutani kutafuta ufa, anataga mayai zaidi ya elfu moja. Nilibandua ubao wa banda la mbwa kwa mteja mmoja nyuma yake mayai ya kahawia yamerundikana yanang'aa, na vitoto vyekundu vinatembea kuelekea juu darini! Na kupe anaweza kukaa miezi bila kula anamsubiri mbwa apite. Ziba nyufa kwa saruji, choma matandiko, pulizia dawa, rudia tena na tena maana mayai dawa haiyapati vizuri. Siku hiyo mbwa na paka wawe kwa jirani.

mkaaji_kimara
Asanteni sana wakuu. Tumetoka kwa daktari, kapimwa damu, chembe sahani ziko chini mno, kaanzishiwa doksi, suala la kuongezewa damu wanasikilizia hadi kesho. Sasa watoto wanamkumbatia sana huyu mbwa, hawawezi kuambukizwa?

bwana_mifugo
Kwa kumshika hapana, njia ni kupe. Kwa hiyo wakague na watoto, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Ukimkuta mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usimchome kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha, mtie kwenye kichupa cha spiriti. Chanjo ya kichaa cha mbwa vipi, kadi ipo?

mkaaji_kimara
Ipo ila imepitwa. Daktari kasema apone kwanza ndo achanjwe.

Babu_Kijiweni
Marahaba bwana mifugo. Hiyo doksi shilingi ngapi?