Waya za maiki zinakwaruza: kulehemu upya, kubadili plagi au kununua waya mpya?

Kinanda_Kizota: Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia vyombo vya kwaya hapa Dodoma. Waya za maiki zinakwaruza ukizishika karibu na plagi, na mmoja unavuma mfululizo hata usipoguswa. Nilehemu upya plagi zilezile, niweke mpya, au ninunue waya mzima? Bajeti ni sadaka za watu, sitaki zipotee.

Fundi_Nkuhungu: Mkuu, hayo ni matatizo mawili. Kukwaruza ukishika ni nyuzi zilizokatika au lehemu iliyoachia. Kuvuma mfululizo, mara nyingi ni wavu wa nje (nyuzi za shaba zinazozunguka waya na kuzuia kelele) umetoka kwenye pini 1, kati ya pini tatu za plagi. Kwanza hamishia waya kwenye chaneli nyingine ya mikisa. Kelele ikibaki palepale kwenye chaneli ya zamani, waya hauna kosa. Kisha weka mita kwenye mlio (inalia umeme ukipita), pima pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, huku unaupinda waya taratibu.

Plagi ikiwa ya chuma na pini hazichezi, lehemu hiyohiyo. Ila usirudishie ncha ya zamani. Waya huchoka pale unapoingia kwenye plagi, kwa hiyo kata sentimita kadhaa, menya upya.

Baba_Muziki: Mimi nasema nunua mpya. Jumapili haisubiri fundi. Na zile plagi zilizofinyangwa pamoja na waya hazifunguki, utalehemu nini?

Fundi_Nkuhungu: Hizo unakata na kuweka plagi ya kufungua kwa skrubu, kaka. Waya mpya wa bei ya chini mara nyingi una wavu mwembamba sana, utavuma tena. Waya wa zamani mnene wenye plagi mpya nzuri ninauamini zaidi.

Dada_Sauti_Kondoa: Naungana na Fundi, lakini ubora wa kazi ndio unaoamua. Tumia lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) yenye utomvu ndani, inayeyuka karibu nyuzi joto 190 tu. Isiyo na risasi, ya bati na shaba, inataka 227, na plastiki inayoshika pini inaweza kulainika kabla hujamaliza. Ichomeke plagi kwenye mwenzake wakati wa kulehemu ili pini zisihame. Mafuta yenye tindikali ya mafundi bati yaache kabisa, yanakula shaba. Ingiza kifuniko kwenye waya kabla ya kulehemu, na kaza kibanio cha plagi kwenye ganda la nje la waya, kisibane nyuzi. Kibanio kikilegea, lehemu ndiyo inayovutwa.

Na vumbi letu la kiangazi! Safisha pini kwa spirit kabla ya kufungua chochote.

Kinanda_Kizota: Asanteni sana. Nimepima: unaovuma, pini 1 haina mlio kabisa. Zinazokwaruza, mlio unakatika upande wa maiki tu. Nanunua plagi za upande huo, na waya mmoja mpya wa akiba kwa hoja ya Baba_Muziki.

Dada_Sauti_Kondoa: Vizuri. Ukizirudisha, zima kwanza volti 48 za mikisa (umeme unaopelekwa kwenye maiki) na shusha sauti, ndipo uchomeke.